Kerneli mpya imekataa kubuti? Soma ile namba kwanza

Kama umejenga kerneli yako mwenyewe ya Linux (ile programu ya kiini inayoendesha mashine), ukaristati na sasa skrini imeganda kwa "VFS: Unable to mount root fs", tafadhali usifomati kitu, data yako mara nyingi iko sawa tu, ni kerneli haijafikia diski.

Rudi kwa kerneli ya zamani. Zima mashine, uwashe ukishikilia Shift, kama ni UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine badala ya BIOS) gonga Esc, GRUB (menyu ya kuchagua kerneli) ikitokea ingia Advanced options uchague ile ya kitambo. Ndio maana ya zamani haifutwi mpaka mpya ijaribiwe.

Sasa ile namba ya kwenye mabano mwisho wa huo ujumbe, hapo ndio jibu liko. Ukiona unknown-block(0,0) kerneli haioni diski kabisa, ama initramfs (faili yenye driva za kuanzia, inayopakiwa pamoja na kerneli) haiko ama driva ya diski haikuingia. Wengi wetu hapa Nairobi tuko na laptopu za mtumba za Luthuli Avenue, hii ina diski ya SATA ile ina ya NVMe, kwa hivyo .config (faili ya mipangilio ya kujenga kerneli) ya beshte yako inaweza kukataa kwako hata kama kwake iko poa. Angalia CONFIG_SATA_AHCI na CONFIG_BLK_DEV_SD, ama CONFIG_BLK_DEV_NVME. Zikiwa =m (moduli ya kando) na hutumii initramfs haitabuti hata ufanye nini, weka =y (ndani ya kerneli yenyewe), na CONFIG_EXT4_FS (driva ya faili sistemu ya ext4) pia. Na kwa root=, ile inayoambia kerneli patisheni ya mfumo ni gani, bila initramfs root=UUID haishiki, tumia root=PARTUUID, utaipata kwa blkid.

Namba ikiwa kama (8,2) diski imeonekana, shida ni driva ya faili sistemu (ext4 au btrfs), ama root= inaelekeza patisheni siyo.

Kwa Ubuntu na Debian kitu inaangusha watu sana ni mpangilio: sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install ndio inatangulia, halafu sudo make install. Ukigeuza, initramfs inatoka bila driva zako. Hiyo STRIP inapunguza saizi ya moduli na initramfs sana, maana /boot ndogo hujaa haraka, cheki na df -h /boot.

Ukipata "I/O error" kwa dmesg (logi ya kerneli) hata ukiwa kwa kerneli ya zamani, wacha kusumbua .config, hiyo ni kebo ama diski inakufa, kopi data kwanza ndio uendeshe smartctl -a kuangalia afya ya diski. Na kama stima ilipotea katikati ya kazi, buti na flashi ya Linux ufanye fsck (kukagua na kurekebisha faili sistemu) patisheni ikiwa haijamauntiwa.