Bunduki isikae kwenye mfuko wa ngozi, hasa huku pwani

Wadau mnaomiliki bunduki kihalali huku Mtwara na Lindi, iwe ya kulengea shabaha au ile ya zamani ya babu mnayoitunza tu, msiiache ikae muda mrefu kwenye mfuko wa ngozi au wa sponji hata kama mnaifungia kwenye kabati la chuma. Ngozi inavuta unyevu na hewa yetu ina chumvi, yaani masika ikianza tu unakuta vidoa vya kutu pale pale ngozi ilipogusa chuma. Mfuko ni wa safari.

Ukirudi hakikisha kwanza haina risasi, chungulia chemba (pale risasi inapokaa) na uguse kwa kidole, halafu futa chuma chote kwa kitambaa kikavu maana jasho la mikono nalo ni chumvi, kisha oili ya bunduki kidogo sana, utando tu, ukizidisha inanasa vumbi na inalowesha mbao ya kitako.

Wenye gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ndo muwe makini zaidi, masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji hewani so oili peke yake haitoshi, osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo uliyopiga, kausha mpaka kitambaa kitoke kikavu kabisa ndo upake.