Kabla ya Kukimbia na Mbwa, Gusa Lami
Anayependa kukimbia pamoja na mbwa wake katika miji ya joto kama Dar es Salaam au Mombasa akumbuke kwamba mbwa hapozi mwili kwa jasho kama binadamu, bali hutegemea zaidi kuhema huku ulimi ukiwa nje, na kwa hiyo hewa yenye unyevu ya pwani humlemea mapema kuliko inavyomlemea mwenyewe. Kabla ya kuondoka, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Mimi hutoka naye saa 12 asubuhi, na hupita barabara ya udongo kila inapowezekana.

Anza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, kwa sababu mbwa mtiifu ataendelea kukufuata hata anapoumia, wala hana namna ya kuomba kupumzika. Akianza kubaki nyuma, kuhema kwa kelele, kudondosha mate mazito au kuyumba, simama mara moja, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini na umpe ya kunywa kidogo kidogo, kisha umfikishe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Mbwa mchanga ambaye mifupa yake haijakomaa, jambo ambalo kwa mbwa wa umbo kubwa huweza kuchukua hadi miezi 18, asikimbizwe masafa marefu, na kadhalika mbwa mwenye pua fupi. Mkanda wa kifuani unafaa kuliko ukosi wa shingoni.