Kabla hujalipia gari la umeme, keti kwanza mbele ya skrini yake

Watu wa Lubumbashi tunajua kununua gari lililotumika. Tunalala chini kuangalia chasisi, tunavuta kijiti cha oili, tunanusa moshi, tunagonga bodi kwa vidole kusikia kama kuna mastiki chini ya rangi. Elimu hiyo iache nyumbani siku unayokwenda kuangalia gari la umeme. Oili ya injini hakuna, moshi hakuna, na ule mkono wa gia uliouzoea mara nyingi ni kifungo kidogo tu kinachopeleka ujumbe kwa kompyuta. Unanunua betri yenye magurudumu, na katikati yake skrini moja kubwa inayoamuru kila kitu. Ikigoma, umebaki na kibanda cha vioo.

Ninayoyasema yafanye kabla pesa haijatoka mkononi. Gari likishavuka mpaka wa Kasumbalesa, deklaranti wa forodha ameshalipwa, muuzaji wa Dubai hapokei tena simu, na wewe umesimama barabara ya Likasi unaulizwa na wapita njia kama mazutu, yaani dizeli, yamekuishia.

Anza na lugha. Nissan Leaf iliyotoka Japani itakuongelesha Kijapani. Gari lililotengenezwa kwa soko la China ni Kichina mtindo mmoja, kuanzia kipoza hewa hadi onyo la breki. Utaambiwa lugha itabadilishwa hukohuko kwenu. Kataa. Ibadilishwe wewe ukiona, hata kwa video ya WhatsApp, halafu gari lizimwe, liwashwe tena, uone kama lugha imebaki. Hapohapo tazama tundu la chaji, maana la China si sawa na la Ulaya, na Leaf kwa chaji ya haraka inatumia CHAdeMO, tundu la mtindo wa Kijapani. Adapta ije na gari, usije kuitafuta huku. Inachekesha na inauma: hakuna nchi inayochimba kobalti, madini ya kutengenezea betri, nyingi kuliko Kongo, tena sehemu kubwa inatoka hapa Katanga, inakwenda China, inarudi ndani ya betri, nasi tunatafuta mtu wa kutusomea onyo la breki.

Halafu skrini iguse, na si kwa kidole kimoja cha adabu. Shika alama moja, iburute polepole kutoka pembe hadi pembe. Ikikuponyoka mahali palepale kila mara, sehemu hiyo imekufa. Acha gari juani nusu saa, vioo vimefungwa, kisha rudi. Skrini inayojibonyeza yenyewe, au yenye mapovu chini ya kioo, au ukingo wa manjano, ibaki kwa muuzaji. Tesla Model S za mwanzo zilijulikana kwa gundi ya skrini kuvuja, na Oktoba yetu, kabla ya mvua ya kwanza, haina huruma na gundi.

Watu hudhani kompyuta ya gari haichakai. Inachakaa. Mwaka 2021 Tesla iliita kwa matengenezo magari karibu 135,000 nchini Marekani, Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018. Chipu ya kumbukumbu ya GB 8 ilikuwa inaandikwa na kufutwa kila siku hadi ikachoka, na ilipochoka skrini ilizimika, ikazimika na kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo. Leo hizo zimezeeka na bei zimeshuka, ndizo utakazoonyeshwa. Dai karatasi ya kuthibitisha kwamba kompyuta ilibadilishwa. Hakuna karatasi, hakuna biashara.

Wipa, taa, hazadi, ukungu: vitafute vyote peke yako, gari limesimama. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Karlsruhe, Ujerumani, ilikubaliana na faini ya euro 200 na kunyimwa usukani mwezi mmoja kwa dereva wa Tesla aliyetoka barabarani akitafuta kasi ya wipa kwenye skrini, mvua ikinyesha. Sasa fikiria mvua ya Januari, lori la shaba mbele yako, nawe unafungua menyu. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka vifungo vya kweli vya wipa, indiketa, honi, hazadi na cha kuomba msaada, la sivyo nyota tano zinakuwa ngumu kupatikana. Wenyewe wameona.

Akaunti ya mwenye gari wa zamani ifutwe mbele yako. Akibaki nayo anaweza kuona gari lako limelala wapi, pengine hata kulifungua. Magari mengi ya China yanadai namba ya simu ya China ili ufungue akaunti yako. Kama huna, sahau mambo ya simu, dai funguo au kadi mbili. Na usinunue gari kwa kupendezwa na programu ya simu: Nissan iliizima kwa Leaf za zamani Uingereza Aprili 2024, na magari yenyewe bado yanatembea.

Sasa betri ndogo, na hapa nitakuchelewesha, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa ya chini inasukuma magurudumu. Lakini skrini, kompyuta, kufuli za milango na breki ya kuegesha vinaamshwa na betri ndogo ya volti 12, ndugu yake na ile ya teksi yoyote ya Katuba. Ndogo ikilala, kubwa hata iwe imejaa haina wa kuiamsha.

Gari la yaya wangu, ndugu yangu mkubwa (chapa sitaji), lilikuwa limekaa wiki nyingi bila kuendeshwa: bandarini Dar es Salaam, juu ya lori kupita Tunduma na Zambia nzima, kisha maegesho ya duane, yaani forodha. Muda wote huo betri ndogo ilikuwa ikinyonywa tone kwa tone, imeshaharibika ndani, na hakuna aliyeitazama. Gari lilifika kwetu Bel-Air jioni, linang'aa, betri kubwa asilimia 71. Tukasimama mlangoni mwa lupango, ua tunaoishi pamoja na familia nyingine, nusu ndani nusu nje, tukimsubiri mwenye lupango asogeze Noah yake. Watoto wameshaingia, wanatafuta muziki. Yaya akaunganisha gari na intaneti ya simu yake. Skrini ikatoa kisanduku chenye mistari miwili ya Kichina na vifungo viwili, kimoja cha kijivu, kimoja cha buluu. Mtoto mmoja akakipiga picha.

"Hii inataka nini?" yaya akauliza.

Mimi, mjuaji, nikasema: "Bonyeza ya buluu, yaya. Ya buluu huwa ndiyo."

Duara likaanza kuzunguka. Kumi, ishirini, arobaini. Kwenye 62 taa za ndani zikafifia, feni ikanyamaza, skrini ikawa nyeusi tii. Chini ya boneti kitu kikagonga tak, tak, tak, kama kuku anayedonoa sahani ya bati, kikakoma.

Gari la kawaida ungeweka nyutro, vijana wanne wakasukuma. Hili lilikuwa limefunga magurudumu, na ruhusa ya kuyafungua iko ndani ya kompyuta iliyozimika. Mlango wa lupango umezibwa. Noah iko ndani, na mwenyewe kesho asubuhi anatakiwa uwanja wa ndege wa Luano kumpokea shemeji yake. Familia nne zikawa zinapita ubavu kati ya ukuta na kioo cha pembeni, mama wa chumba cha mwisho na beseni lake la mikate kichwani, kila akipita ananitazama mimi, si gari.

Fundi wa kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye kebo za rangi ya chungwa. Nilimshika mkono. Za chungwa zinabeba volti mia kadhaa, zinaua, hazishikwi na asiye na mafunzo yake na glavu zake. Wa pili, kijana wa Kampemba anayetengeneza redio za magari, hakufungua kitu. Aliweka testeri kwenye betri ndogo: volti 9.4. Ikiwa nzima na imetulia ingesoma kama 12.6. Akaeleza kwamba wakati wa kusasisha programu magari mengi hukata ile kubwa, mzigo wote unabaki mgongoni mwa ndogo. Picha ya mtoto tukamtumia jamaa aliyefanya biashara Guangzhou. Akajibu kwa sauti, anacheka: wameandika hakikisha betri ina chaji ya kutosha, egesha mahali salama, usitumie gari mpaka mwisho. Ndiyo ilikuwa mistari miwili yenyewe.

Mwenye lupango alikwenda Luano kwa teksi, nikalipa mimi. Mchana tukapata betri ndogo mpya, tukaifunga, tukaliacha gari robo saa bila kuligusa. Duara likarudi, kutoka sifuri. Kwa dakika arobaini lupango zima lilisimama uani likihesabu asilimia kama penalti za Mazembe. Likafika mia. Mpaka leo mwenye lupango ananiita Bwana Buluu.

Kwa hiyo testeri kwenye betri ndogo kabla ya kulipa, na tena siku gari likishuka kwenye lori, kabla ya mtoto yeyote kuingia. Sasisho usilikubali siku ya kwanza. Likubali betri zote mbili zikiwa nzima, gari limeegeshwa pale ambapo hata likifa halimzibii mtu njia, na wengine wenye gari kama lako wameshalijaribu. Watengenezaji nao hukosea: Novemba 2023 Rivian, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, ilituma sasisho lenye vyeti vya usalama visivyo vyake, skrini za sehemu ya magari yake zikazimika, wakakiri ni kosa la kidole. Kidole chao, kidole changu. Na kama betri ndogo mpya nayo inakufa baada ya mwezi, usilaumu betri. Angalia kifaa kinachoichaji kutoka ile kubwa. Machi 2024 Hyundai iliita zaidi ya magari 140,000 Marekani, Ioniq 5 zikiwemo, kwa sababu ya kifaa hicho.

Jifunze pia mlango unafunguliwaje umeme ukikosekana, kwa ndani na kwa nje, na uwafundishe watoto. Septemba 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilianza kuchunguza Tesla Model Y za 2021 baada ya wazazi kushindwa kufungua kwa nje, watoto wakiwa ndani. Wengine walivunja kioo.

Mengine kwa haraka. Jua namna ya kuwasha skrini upya: kwenye Model 3 na Y unashikilia vigurudumu viwili vya usukani mpaka izime, na gari haliachi kwenda. Kwa gari lako tafuta ya kwako, iandike kwenye karatasi, si kwenye simu itakayozima. Umeme wa SNEL ukiwa unapanda na kushuka, chomoa chaja, ngoja utulie. Gari likikwama lisivutwe kwa kamba. Libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne hewani. Usilioshe kwa pampu ya nguvu chini na mbele bila kujua nini kiko wapi. Usimpe mtu ufunguo eti "ajaribu kidogo." Testeri inunue yako mwenyewe, na ikae ndani kwenye kiti, si kwenye boneti. Boneti nyingine nazo zinafunguliwa kwa skrini.