Saladi ni mboga, siyo pambo la sahani

Kwenye sherehe zetu majani ya saladi hutandikwa chini ya kuku wa kuchoma. Wageni wanamla kuku, majani yanarudi jikoni na kuishia jalalani. Huwa inaniuma. Nimekulia Lushoto, najua kazi iliyomo kwenye tuta moja la saladi: kumwagilia asubuhi na jioni, kupalilia kwa mkono, kuvuna mapema kabla jua halijawa kali, kisha kupanga kwenye matenga yanayoteremka Mombo kuelekea Dar es Salaam. Sasa ninaishi na kupikia huku huku Dar, kwenye joto ambalo mboga hii haikuumbiwa, na bado inaliwa nyumbani kwangu karibu kila wiki.

Tuanzie sokoni. Nenda asubuhi, mzigo ukiwa bado haujapigwa na jua. Usitazame majani ya juu kwanza, kwa sababu hayo yananyunyiziwa maji mchana kutwa na yanang'aa hata yakiwa ya juzi. Geuza fungu, tazama kikonyo pale kilipokatwa. Kikiwa cheupe au cha rangi ya maziwa, ni cha karibuni. Kikiwa na rangi ya kutu, kimekaa. Halafu fungua pale penye kamba, ingiza kidole katikati ya majani. Ukigusa utelezi, rudisha, hata kama muuzaji anakupunguzia bei, kwani jani moja lililooza halichelewi kuozesha mengine. Mimi humuuliza tu, "Dada, hii imeingia leo?" huku nimeshageuza kikonyo. Akijibu "Ya leo, mama," macho yangu tayari yanajua.

Angalia pia shina. Saladi iliyorefuka shina, majani yameachana na kupanda juu, imeanza kutafuta kutoa maua. Joto ndilo linaloisukuma kufanya hivyo, na hapo utomvu wake mweupe huwa mchungu. Ndiyo maana ya milimani, penye baridi, kwa kawaida huwa tamu kuliko iliyolimwa pwani miezi ya Januari na Februari. Ile ya kichwa, iliyojifunga kama kabichi, chagua nzito mkononi. Inakaa muda mrefu kwenye friji kuliko ya majani yaliyoachana, lakini majani yake ya ndani ni meupe na yana vitamini A kidogo. Mimi napendelea ya kijani iliyokolea.

Na uulize imelimwa wapi. Hili nalisema kwa uzito. Kuna bustani mjini zinazomwagiliwa maji ya mito inayobeba taka za viwandani na majumbani, na watafiti wamepima mboga za kando ya mto Sinza na Msimbazi wakakuta madini mazito. Madini yaliyoingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha. Muuzaji asiyejua mzigo wake umetoka wapi, mimi namwachia.

Nyumbani, kama hutaila siku hiyo, usiioshe kwanza. Toa kamba, toa yaliyochubuka, funga kwa kitambaa kikavu cha pamba au karatasi za jikoni, tia kwenye chombo chenye mfuniko, weka droo ya chini ya friji. Kitambaa kinanyonya unyevu unaoozesha, mfuniko unazuia majani yasikauke. Kikilowa, badilisha. Usiisukume mpaka ukuta wa nyuma wa friji, huko huganda, na jani lililoganda likiyeyuka linalegea kabisa. Usiiweke pamoja na ndizi mbivu, maembe wala maparachichi: matunda yakiiva hutoa gesi inayoyatia majani madoa ya kahawia.

Asiye na friji anunue yenye mizizi akiipata, aisimamishe kwenye bakuli la maji kidogo, mizizi tu ndiyo iguse maji, mahali penye kivuli na upepo. Kufunika kwa kitambaa kibichi kunasaidia sana Dodoma penye hewa kavu. Dar hewa yenyewe imejaa unyevu, kitambaa hakipozi sana, kwa hiyo nunua ya kula leo.

Iliyonyauka bila kuoza inafufuka. Kata ncha ya kikonyo, zamisha majani kwenye maji ya baridi kwa dakika 15, utayaona yanasimama.

Kuosha ni hatua ya kutulia, maana jani hili haliendi motoni. Bandua moja moja. Udongo hujificha chini kabisa, kwenye lile bonde la kikonyo, na hapo pitisha kidole gumba chini ya maji yanayotiririka. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi kwenye maji hutoa wadudu wadogo, ila haiui vijidudu vya maradhi. Kukiwa na kipindupindu mjini, saladi mbichi naiacha kabisa na ninaipika.

Ukishaosha, kausha. Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanashangaa ndimu na mafuta yote yamebaki chini ya bakuli. Tandaza majani kwenye kitambaa safi, kunja, papasa taratibu. Chana kwa mkono. Changanya vijiko 3 vya mafuta na kijiko 1 cha ndimu, pilipili manga kidogo, na umwagie watu wakiwa wameshakaa. Chumvi iwe ya mwisho, kwa sababu inavuta maji na jani linalegea papo hapo. Kukiwa na parachichi lililoiva sana, liponde na ndimu na chumvi badala ya mafuta. Kwa mkate wa watoto wa shule, jani kavu likae kati ya mkate na nyanya, mkate hautalowa mpaka mapumziko.

Majani ya nje, magumu kidogo au machungu, ndiyo ya kupika. Kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta kidogo, moto mkali, tupia majani, geuza, chumvi, epua ndani ya dakika moja. Yanapungua sana, kwa hiyo tumia mengi. Kwa nazi, acha kitunguu, nyanya na tui zito viive kwanza mpaka mchuzi ushikane, ndipo utie majani na kuzima moto. Utamu wa tui unapunguza ule uchungu, na kwa ugali na dagaa inakwenda vizuri mno. Kwenye supu ya kuku yatie bakulini, umwagie supu ya moto juu yake.

Shina nene usilitupe. Menya ganda la nje lenye nyuzi, onja kipande. Lisipokuwa chungu, likate vipande vyembamba uchanganye na karoti kwenye wali wa kukaanga.