Picha ya Kijapani uani: jinsi ya kuionyesha na kuijadili Kigoma

Mtu akitoka kwenye filamu ya Kijapani akasema "imepoa", usimbishie kwanza. Muulize alielewa maneno kiasi gani. Mara nyingi filamu haikupoa hata kidogo; maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha kabla hajamaliza kuyasoma, akabaki kutazama watu waliokaa sakafuni wakinywa chai kwa saa mbili. Maoni yake ni ya kweli, ila yanahusu maandishi, hayahusu filamu. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye kuandaa kikao iko kwenye tafsiri, na inaanza wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Chagua filamu ambayo watu watabishana juu yake

Kwa kikao cha kwanza, onyesha Rashomon ya mwongozaji Akira Kurosawa, ya 1950. Ina dakika 88 tu, kwa hiyo hata asiyezoea atafika mwisho. Samurai, yaani askari wa kale wa Kijapani, amekutwa amekufa msituni, na tukio hilo hilo linasimuliwa mara nne: na jambazi, na mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kupitia kinywa cha mganga anayepandisha mizimu, kisha na mkata kuni. Hadithi hazipatani. Kila mtazamaji atakuwa na wa kumwamini, na hapo mjadala unajianzisha wenyewe.

Wapenzi wa mapigano waliokulia kwenye vibanda umiza wape Yojimbo, ya 1961, dakika 110, ya Kurosawa huyo huyo. Steringi anaingia kwenye mji wenye magenge mawili na kuyachonganisha. Seven Samurai ya 1954 ni kubwa kuliko zote hizo, lakini ina dakika 207. Usiibebe usiku mmoja. Ina mapumziko katikati ambayo mwongozaji mwenyewe aliyaweka, basi kata hapo na umalizie kesho yake.

Godzilla ya kwanza, filamu ya dude linalotoka baharini, ya 1954, dakika 96, iwekee siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wako nyumbani kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwaka. Machi mwaka huo huo, mashua ya wavuvi wa Kijapani yenye watu 23 ilimwagikiwa na majivu ya bomu la nyuklia ambalo Marekani ililijaribu kwenye Bahari ya Pasifiki. Filamu ikatoka Novemba. Mwambie mvuvi habari hiyo kabla ya kuwasha, na hatamwona tena mnyama wa mpira anayebomoa majumba. Ataona watu waliotoka kuvua wakarudi na kitu wasichokijua mwilini.

Onyo moja kuhusu katuni. Aprili 16, 1988 studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili zilizoonyeshwa pamoja: My Neighbor Totoro, dakika 86, na Grave of the Fireflies, dakika 89. Ya kwanza mtoto wa miaka mitano ataifurahia. Ya pili inahusu ndugu wawili wanaokufa kwa njaa wakati wa vita. Watu hudhani katuni ni katuni, wakakusanya watoto wa mtaa mzima, na usiku unaishia vilio. Tazama filamu yote mwenyewe kwanza, hata kama imesifiwa na dunia nzima.

Na ile ambayo ningependa kila kikao cha Kigoma kifikie, hata kama ni baada ya miezi mitatu ya mazoezi, ni Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya 1953, dakika 136. Wazee wawili wanatoka Onomichi, mji wa bandari, wanapanda treni kwenda kuwaona watoto wao jijini. Watoto wana kazi nyingi. Anayewashughulikia kwa moyo ni mkwe, Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani. Katika mji ambao reli inaishia, ambako karibu kila nyumba ina mzee aliyewahi kupanda treni kwenda Dar es Salaam kuona wajukuu, hii si filamu ya mbali.

Tafsiri: fanya mwenyewe, kwa Kiswahili

Faili la maandishi huwa na mwisho wa .srt, na hufunguka kwenye Notepad kama barua ya kawaida. Kila kipande kina namba, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno. Namba na muda usiviguse. Futa maneno ya Kiingereza, andika ya Kiswahili mahali pake. Filamu ya saa mbili inaweza kuwa na vipande zaidi ya elfu moja. Gawaneni watu watatu au wanne, kisha mmoja asome vyote toka mwanzo ili mtu aliyeitwa "kaka" dakika ya 10 asigeuke "bwana" dakika ya 70.

Weka mistari isiyozidi miwili kwa kipande, kila mstari herufi 40 hivi. Ukizidisha, watu watasoma na hawataona nyuso. Hifadhi faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, lipe jina sawasawa na la filamu, liweke kwenye folda moja nayo. VLC, programu ya kuchezea video, italifungua yenyewe.

Sasa ladha ya tafsiri. Kiingereza kinapoteza heshima nyingi za Kijapani, na Kiswahili kinaweza kuzirudisha. Neno "-san" baada ya jina usiliache likining'inia, angalia umri na ukaribu, uandike "dada", "mzee", "Bi." au jina tupu. "Sensei" huitwa mwalimu, lakini daktari pia huitwa hivyo, kwa hiyo tazama anayeitwa anafanya kazi gani. Noriko anapozungumza na wakwe zake, tumia "baba" na "mama", kama mkwe wa hapa anavyoita, wala usiandike "baba mkwe", maana hakuna anayemwita mtu hivyo usoni.

Kosa linalorudiwa sana ni "tadaima". Mjapani anaitamka akiingia kwake, na aliyemo ndani hujibu "okaeri". Watafsiri huandika "hodi". Hodi ni ya mgeni. Ukiiweka hapo, mwenye nyumba anageuka mgeni kwake mwenyewe, na katika filamu ya Kijapani hilo linaweza kuharibu maana nzima. Andika "nimerudi", na jibu liwe "karibu" au "pole na kazi", kulingana na anayesema.

Kama wapo wasiosoma haraka, au wazee wenye macho mazito, mtu mmoja asome kwa sauti kupitia maikrofoni. Wajapani wenyewe walikuwa na kazi hiyo. Enzi za filamu zisizo na sauti, msimulizi aitwaye benshi alisimama kando ya kitambaa akawasemea wahusika wote, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Filamu za sauti ndizo zilizowamaliza, miaka ya 1930. Aliyezoea tafsiri za kibanda umiza atalielewa hili papo hapo. Tofauti ni moja: msomaji wako asijaze ukimya. Mahali ambapo hakuna maandishi, anyamaze. Kwa Ozu hasa, ukimya wa sekunde 5 juu ya nguo zilizoanikwa umewekwa kwa makusudi, na mzaha mmoja tu unatosha kuuvunja.

Jaribu faili kabla hujaanza kutafsiri, na tena siku mbili kabla ya kikao. Maandishi yakiwa nyuma au mbele kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Lakini yakianza sawa kisha yakazidi kupotea kadiri filamu inavyosonga, H na G hazitakusaidia. Hapo faili lilitengenezwa kwa nakala yenye picha 25 kwa sekunde na yako ina takriban 24, au kinyume chake. Kwenye filamu ya saa mbili tofauti hufika karibu dakika 5. Tafuta faili la nakala inayolingana na yako kabla hujaanza kutafsiri, la sivyo kazi ya wiki nzima itakuwa bure.

Uani

Kigoma jua huzama karibu saa 1 usiku, dakika 40 hivi baada ya Dar es Salaam, na Januari na Februari linachelewa mpaka saa 1:20. Kwa hiyo mwaliko wa "saa 1 kamili" ni wa kula karanga na kunywa kahawa; picha yenyewe haitaonekana vizuri kabla ya saa 2 kasorobo. Tokyo Story ikianza hapo inaisha saa 4 usiku, na bado boda za kuelekea Ujiji na Gungu zinapatikana.

Shuka jeupe la kitanda cha sita kwa sita linatosha watu 30. Lipige pasi, kwani mkunjo mmoja ukipita kwenye uso wa mwigizaji utauona usiku kucha. Nyuma yake tundika kitambaa cheusi, vinginevyo mwanga unapenya na picha inafifia. Funga kona zote nne kwa kamba, na upindo wa chini uingize fimbo au bomba, maana upepo wa ziwani hauna saa. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya mita 2, projekta mita 3. Spika iwe chini ya shuka. Ikiwekwa kando ya projekta, sauti inatoka nyuma ya watu wakati midomo iko mbele.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi watafuata mwanga wa projekta na kutua kwenye lenzi. Washa taa nyingine kali mbali, upande wa pili wa ua, wavutwe huko. Jenereta, kama ipo, iwe nyuma ya ukuta, mita 15 au zaidi.

Haya yote ni ya nyumbani, bila kiingilio. Ukitaka kutoza hela, hiyo ni biashara ya maonyesho. Muone kwanza afisa utamaduni wa halmashauri akueleze vibali.

Mjadala

Filamu ikiisha, usiwashe taa. Acha majina yapite yote. Kisha kila mtu apewe kipande cha karatasi na kalamu, aandike jambo moja kabla hajasikia la mwenzake. Kwa Rashomon: unamwamini nani? Kwa Tokyo Story: nani alikosea? Kusanya, hesabu, soma matokeo kwa sauti. Karatasi inafanya kazi ambayo mkono ulioinuliwa haufanyi, kwa sababu kijana hatapinga hadharani alichosema mzee. Kwa sababu hiyo hiyo, wadogo waanze kusema na wazee wamalizie. Mzee akitangulia, waliobaki wataitikia tu.

Kila msemaji apewe dakika mbili, na sharti moja: aanze na kitu alichokiona au kukisikia kwenye filamu, ndipo atoe hukumu. "Watoto wale hawana adabu" hakumpi mwenzako pa kushika. Linganisha na hili: "Mwishoni baba mkwe anampa Noriko saa ya marehemu mkewe. Watoto wa kuzaa wanaoishi mijini walikuwa wameshachukua walichotaka na kuondoka. Kisha tunamwona Noriko kwenye treni, ameishika mkononi. Mimi naona amelipwa kwa wema wake." Hapo mwingine anaweza kujibu: hapana, saa ile inamwambia muda wake unapita, aolewe. Wote wawili wanazungumza juu ya kitu kimoja kinachoonekana, na wa tatu ataomba kipande hicho kirudiwe. Kirudie. Andika dakika zake mapema ili usitafute gizani.

Wanaolalamikia mwendo wa polepole wa Ozu waulize kamera ilikuwa wapi. Iko chini, usawa wa mtu aliyekaa mkekani, na karibu haisogei. Waambie wakae jamvini badala ya viti, urudie dakika tatu. Kwa Kurosawa, uliza kuhusu hali ya hewa: mvua kwenye lango la Rashomon ilichanganywa na wino mweusi ili ionekane kwenye picha, na mara mtu akijua hilo ataanza kuuliza kwa nini mvua inanyesha pale wanaposimulia ila msituni kuna jua.

Anayesimulia hadithi upya tangu mwanzo, mkatishe kwa upole, wote waliiona. Aliyewahi kuitazama azungumze mwisho. Na akitokea wa kusema filamu fulani si ya Kijapani, mpe nafasi, kwa sababu hoja ina uzito: Perfect Days ya 2023, inayomfuata msafisha vyoo wa Tokyo, iliongozwa na Mjerumani, Wim Wenders, na bado Japani ndiyo iliyoipeleka Oscar kwa jina lake.

Katika daftari la kikao andika jina la filamu, mwaka, mwongozaji, dakika, idadi ya waliokuja, matokeo ya karatasi, na vipande vilivyorudiwa pamoja na dakika zake. Acha nusu ukurasa wazi. Filamu hiyo hiyo ikirudiwa baada ya mwaka, karatasi zipigwe tena na matokeo mapya yaandikwe chini ya yale ya kwanza.