Mifupa mibichi kwa mbwa: upi ununue, umpeje, na lini umnyang'anye

Mbwa wengi wa kwetu hula mifupa, ila hula ile isiyofaa. Supu ikishanyweka, mifupa inamwagwa kwenye sahani ya mbwa juu ya ukoko wa ugali, na ya nyama choma na kuku wa kukaanga hufuata njia hiyo hiyo. Moto huukausha mfupa na kuua ule unyumbufu wake. Jino likiubana unapasuka vipande vyenye ncha, kama kijiti kikavu. Mwongozo huu unahusu mfupa mbichi wenye nyama, ambao mbwa huutafuna taratibu ukasagika.

Madaktari wengi wa mifugo hawaupendi ulishaji huu, na chama chao cha Marekani, AVMA, kina msimamo rasmi dhidi ya nyama mbichi kwa mbwa na paka tangu 2012. Hoja zao, yaani bakteria na meno yanayovunjika, ni za kweli. Hatua zifuatazo hupunguza hatari hizo, haziziondoi. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, chemsha nyama isiyo na mfupa, mpe mbwa, yaishe hapo.

Hatua ya 1: Mtazame mbwa mdomoni

Inua midomo pande zote mbili utazame hadi magego ya nyuma. Jino lililovunjika, fizi zinazovuja damu au ukoga mgumu uliofunika meno ni sababu ya kusubiri. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe kabisa, mafuta yatamrudisha kitandani. Mtoto wa mbwa asubiri afike miezi sita, meno ya kudumu yawe yameota. Akiwa wa aina kubwa kama German Shepherd, na tayari anakula chakula cha pakiti cha watoto wa mbwa, kalisi yake imeshatimia. Ukimwongezea unaharibu ukuaji wa mifupa yake mwenyewe.

Hatua ya 2: Chagua mfupa

Mfupa uwe mkubwa kuliko mdomo wake, asiweze kuuingiza wote. Usitoke kwenye mguu wa ng'ombe. Mfupa uliobeba mnyama wa kilo mia tatu ni mgumu kiasi cha kuvunja jino la mbwa, na jino linalolipa gharama ni lile gego kubwa la juu: ubapa wa upande wa nje unabanduka, neva inabaki wazi. Kongoro libaki supu ya watu.

Jihadhari pia na pete za uboho, zile zinazotoka msumeno wa bucha unapopita kwenye mfupa wa paja. Mbwa huingiza taya la chini akitafuta uboho, pete inavuka chonge na kukwama nyuma yake. Taya likishavimba, haitoki tena kwa kuvuta. Daktari huikata mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Vinavyofaa, kwa uzito wa mbwa:

- Chini ya kilo 8: shingo nzima ya kuku au bawa zima.
- Kilo 8 hadi 20: mgongo mzima wa kuku, au mbavu tatu nne za mbuzi zilizoshikana na nyama yake.
- Zaidi ya kilo 20: shingo ya mbuzi, kipande cha kidari cha ng'ombe chenye gegedu, au mkia wa ng'ombe usiotenganishwa pingili.

Shingo ya kuku kwa mbwa mkubwa ni kidonge tu, ataimeza nzima. Kuhusu kuku kwa jumla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha mwaka 2018 kazi iliyohusisha kula kuku mbichi na ugonjwa wa neva unaoanza kwa kulegeza miguu ya nyuma. Mshukiwa ni bakteria wa kampilobakta. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua mbuzi.

Hatua ya 3: Bucha

Nenda asubuhi. Nyama iliyoning'inia kwenye joto tangu alfajiri si ya kununua saa kumi na moja jioni, hata kwa mbwa. Mwambie muuzaji asikate vipande vidogo, maana akisikia "mifupa ya mbwa" mkono wake unakimbilia shoka, na shoka huacha vigae vyenye makali. Nunua kwenye nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiguswe kabisa. Kimeta huwaua watu waliomchuna.

Usichukue mapafu, maini wala kichwa kibichi, hata ukipewa bure. Maini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba vifuko vya maji vya tegu mdogo aitwaye ekinokoka. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Turkana, Kenya, ni miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa sana na ugonjwa huu. Ubongo wa mbuzi nao una tegu wake, yule anayeleta kile wafugaji wanachokiita kizunguzungu.

Hatua ya 4: Friza

Fungasha kila mlo kwenye mfuko wake, kisha gandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 10. Baridi hiyo huua vifuko vya tegu vilivyojificha kwenye nyama. Bakteria wa salmonela hawafi, wanalala tu. Kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifikii baridi hiyo, kwa hiyo usikihesabu. Kuyeyusha ni usiku kucha, rafu ya chini ya friji, ndani ya bakuli. Ukiuacha mezani, nje unaanza kuoza huku ndani bado ni jiwe.

Hatua ya 5: Kumpa

Mpe kwanza nusu ya chakula chake cha kawaida. Mbwa mwenye njaa hatafuni, anameza. Mfungie peke yake penye sakafu ya saruji inayooshika. Mbwa wawili na mfupa mmoja ni ugomvi, na watoto wakae mbali. Kaa naye muda wote, lakini usimsogelee kila dakika, maana akihisi ataporwa atameza haraka.

Dakika 30 zinatosha. Mbadilishie kilichobaki kwa kipande cha nyama, usimng'oe mdomoni. Mfupa uliokwisha nyama na kuanza kukauka utupwe kwenye pipa lenye kifuniko. Osha sakafu na bakuli kwa sabuni, kisha jiki iliyochanganywa na maji. Mikono pia, na asimlambe mtu usoni mara baada ya kula.

Hatua ya 6: Kiasi

Mbwa mzima hula kwa siku takriban asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Wa kilo 20, basi, gramu 400 hadi 600 kwa jumla. Kipande cha gramu 200 mara mbili kwa wiki kinamtosha, na siku hiyo punguza chakula kingine. Kinyesi ndicho kipimo chako: kikiwa cheupe, kikavu, kinachovunjika kama chaki, mifupa imezidi. Akijikamua bila kutoa kitu, acha mifupa kwa wiki mbili.

Hatua ya 7: Dawa ya tegu

Prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, kila wiki 6. Wiki 6 si namba ya kubahatisha: ni muda ambao ekinokoka huhitaji kukua kabla ya kuanza kutaga. Sindano ya ivamektini, dawa nyingine ya minyoo, aliyochomwa juzi haimgusi tegu yeyote.

Mambo yakienda mrama

Akijikuna mdomo kwa miguu ya mbele na kudondosha mate, huenda kipande kimelala kwenye kaakaa kati ya magego. Kisukume kuelekea mbele kwa mpini wa kijiko. Akishindwa kupumua, mdogo mgeuze kichwa chini, mkubwa msukume kwa nguvu chini ya mbavu, kuelekea mbele.

Akimeza kipande kikubwa na bado mchangamfu, mchunge siku tatu. Kutapika mara kwa mara, tumbo gumu, damu kwenye kinyesi au kugoma kula, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Usimnyweshe chumvi wala mafuta ili atapike, kwani kipande kilichoshuka salama hukwaruza koo kikirudi. Mweleze daktari ni mfupa wa mnyama gani, ukubwa wake na saa aliyoumeza. Eksirei huuonyesha mfupa vizuri.