Familia Ikitaka Kutoa Shukrani Kanisani

Anzeni kwa kuandika sentensi moja: Mungu ametutendea nini, na lini? Familia isipoafikiana juu ya sentensi hiyo, bado haijawa tayari. "Tunamshukuru Mungu kwa yote" haitoshi, maana msikilizaji hapati cha kushika akaitikia "Amina" kwa moyo. Kielelezo kizuri ni Zaburi 107. Humo mna makundi manne: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani, waliougua hadi malango ya mauti, na mabaharia waliopigwa na dhoruba. Kila kundi linapata taabu, linamlilia Bwana, linaokolewa, kisha linaambiwa limshukuru. Maneno yenu yafuate mwendo huo huo.

Mwoneni mzee wa kanisa wa mtaa wenu wiki mbili kabla, si asubuhi ya ibada kengele ikilia. Yeye atamfikishia mchungaji, nanyi mtaingizwa kwenye utaratibu wa ibada. Epukeni Jumapili ya Meza ya Bwana au ya ubatizo. Ibada yenyewe ni ndefu, mtaishia kukimbizwa. Kwa Wakatoliki jambo ni jepesi zaidi: nia ya misa ya shukrani huandikishwa ofisini parokiani.

Msemaji awe mmoja, na apewe dakika tatu. Hiyo ni kama ukurasa mmoja kwa mwandiko wa kawaida. Ausome kwa sauti nyumbani huku mtu ameshika saa, na siku yenyewe asione haya kushika karatasi. Wanaosema "Roho ataniongoza hapo hapo" huwa wanaongozwa hadi dakika ya kumi na tano.

Hapa ndipo shukrani nyingi zinapoharibika. Tazama maneno haya: "Wapo waliosema binti yetu hatapona, leo waaibike!" Usharika utaacha kumtazama Mungu na kuanza kutazamana, kila mtu akijiuliza anasemwa nani. Linganisha na haya: "Binti yetu alilazwa kwa malaria iliyompanda kichwani. Usiku wa pili hakututambua. Tulimlilia Mungu. Wauguzi walikesha naye, jumuiya ikatuletea uji wodini. Leo ameingia humu kwa miguu yake mwenyewe. Tunamshukuru Mungu aliyemrudisha." Sentensi fupi, hakuna adui, na waliosaidia wametajwa bila kuchukua nafasi ya Mungu. Kuwataja wauguzi hakumpunguzii Mungu sifa.

Mambo mawili ya kuangalia kwa makini. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa: ombeni ruhusa yake kabla ya kuutaja, hata kama ni mtoto mkubwa wa nyumbani kwenu. Na msitangaze uponyaji ambao hospitali haijauthibitisha. Kama matibabu yanaendelea, shukuruni kwa hatua iliyofikiwa, kisha ombeni kwa ajili ya iliyobaki. Mgonjwa asijisikie amefungwa na tangazo lenu akaacha dawa.

Wimbo mmoja unatosha, beti mbili, na uwe ule ambao usharika wote unaujua. Mwambieni mpiga kinanda mapema, maana akianza juu mno wanaume watanyamaza na mama atabaki anaimba peke yake na machozi. Mkipenda kusoma badala ya kuimba, Zaburi 136 inafaa sana: ina mistari 26, na kila mmoja unaishia "Kwa maana fadhili zake ni za milele". Msemaji asome mistari sita au saba tu, usharika uitikie. Hata asiyejua kusoma anashiriki.

Sadaka iwekwe katika bahasha moja, imeandikwa jina la familia na sababu ya shukrani, kiasi kisitangazwe. Mkileta mazao au mifugo, vifikishwe kabla ya ibada kwa wazee, kwa kuwa huenda vikauzwa kwa mnada nje baada ya ibada. Kuku afungwe miguu kwa kamba laini na awekwe kivulini, mayai yakae kwenye trei. Mnadani msishindane kununua kitu chenu wenyewe kwa bei ya kuwatisha wengine.

Kuhusu chakula, someni Mambo ya Walawi 7:15-16. Nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ile ile, isibaki hadi asubuhi, ilhali ile ya nadhiri iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake. Nyama yote hiyo kwa siku moja! Nyumba moja isingeimaliza. Ilibidi kuita watu. Jambo kuu ni kushirikisha watu, si ukubwa wa karamu, kwa hiyo msikope ili kuifanya. Chai na maandazi vinatosha, mradi majirani wa jumuiya, na hasa wale waliokesha nanyi wodini, waalikwe kwanza kabla ya wageni wa heshima.